Ukuta wa Majina, Kisauni

Shebwana wa Bondeni, mwandika mabango,
amepanda ngazi na kopo la samawati.
Jina lake mwenyewe limebeba bwana tumboni
naye hajali. Ananiuliza, brashi mdomoni:
"Karani, nianze na lipi?"

Nina karatasi ya wazee wa kanisa:
Bwana. Mwokozi. Kristo. Neno. Mwana wa Mungu.
Hakuna aliyeniambia lipi lilitangulia.
Kwangua kwanza, nikamwambia.

Chokaa ikaanguka kama maganda ya muhogo,
chini yake rangi nyingine, chini yake nyingine,
na pale mwisho kabisa, kwenye jiwe la matumbawe,
herufi zimepinda kama za mtoto wa shule:
MWANA WA ADAMU.

"Hiki si cheo," akasema Shebwana. "Huyu ni mimi."
Kweli. Mwanadamu. Mtu tu.
Ndivyo alivyojiita kwa Kiaramu cha mamaye,
na waliomsikia hawakujua
kama ajificha au ajifichua.

Kisha Masihi, mpakwa mafuta.
"Hilo hata kwetu lipo," akasema, "Masihi Isa bin Mariamu,"
akalipaka bila kuniuliza tahajia.
Lilipovuka kwenda kwa Wayunani likawa Kristo,
na wao, wasiopaka wafalme wao mafuta,
wakalichukua kama jina la ukoo,
kama mtu aitwaye Fundi
ambaye hajawahi kushika msumari.

Bwana nikasema liache kwanza.

Kwa ajili ya Persisi Mabruki, mamake babu,
aliyeshushwa hapa Kisauni akiwa na meno ya utoto.
Kanisa zima likiimba Bwana, yeye alifumba mdomo.
Bwana alimjua: alimnunua Kilwa
kwa majora mawili ya kaniki.
Yesu alimwita Ndugu, akafa akimwita Ndugu,
na padri akaandika daftarini: *mgumu kufundishika.*

Hakuambiwa kwamba Wayunani nao
walikuwa na neno moja tu la mwenye nyumba,
la mwenye mtumwa, la Kaisari,
na la kusomwa pale penye Jina lisilotamkwa.
Kabla yao watu walimega mkate wakilia
*Marana tha*, Bwana wetu, njoo,
na baadaye watumwa wa Korintho
wakalitoa neno hilo kwa mwenye mjeledi
wakamvika aliyepigwa mijeledi.
Uhodari huo naujua, nimeufundisha darasani.
Lakini Persisi, nadhani, angeuliza:
mbona msiliache tu life?

Mwana wa Mungu. Shebwana akacheka:
"Mkubwa sana huyo, ukuta utatosha?"
Lilikuwa kwenye sarafu, nikamwambia,
sura ya Kaisari upande wa mbele;
ungenunua nalo samaki.
Akatoa shilingi mfukoni, akaigeuza, akairudisha.

Saa tisa akakosea.
Palipotakiwa Bwana akaandika Mwana,
akashuka, akasimama mbali, akaguna.
"Herufi moja tu, Karani. Nani ataona?"
Nikamweleza maaskofu wa zamani,
*asili moja* au *asili mfano*,
katikati yao herufi moja nyembamba kama ukucha,
na watu wakafukuzwa mijini mwao kwa ajili yake.
Hakusema kitu. Alichukua kitambaa na mafuta ya taa
akaifuta ile M polepole,
kama anayemfuta mtoto uso.

Alasiri ikaadhiniwa ng'ambo ya barabara.
Akaacha kopo, akaenda kuswali.
Lile la chini, la jiwe, hatukulifunika;
samawati ilikuwa imekwisha, hiyo ndiyo sababu
nitakayowapa wazee.

Nikapiga magoti nyuma ya benchi la tatu,
alipokuwa akikaa,
nikaandika pale chini, mkono ukitetemeka: *Ndugu.*
Kwa penseli.
Jumapili wakiuliza, kifutio ninacho.